Mwongozo kamili: kuendesha mwito wa ruzuku za utafiti kwa uwazi, kuanzia bajeti hadi mrejesho kwa wananchi

Kila dirisha la maombi ya ruzuku za umma likifungwa, malalamiko yanayonifikia ni yale yale. Watafiti wanasema washindi walijulikana mapema. Maofisa wa mfuko wanasema hakuna kilichofichwa, kila kitu kiko kwenye jalada. Mara nyingi pande zote mbili zinasema kweli. Hakuna aliyeiba, ila hakuna aliyeambiwa chochote kwa miezi mingi, na uvumi ukashika nafasi ya taarifa.

Mwongozo huu ni wa afisa habari, mratibu wa ruzuku au katibu wa kamati katika taasisi za aina ya COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na mfuko wake wa MTUSATE kule Tanzania, NRF (mfuko wa taifa wa utafiti) ya Kenya, mabaraza ya sayansi ya Uganda na Rwanda, au kurugenzi ya utafiti ya chuo kikuu inayogawa fedha za ndani. Historia ya taasisi hizi tuiache. Msimamo wangu ni mmoja: ukingoja siku ya matokeo ndipo uanze kueleza, kila utakachosema kitasikika kama utetezi. Kwa hiyo kazi kubwa iko kabla ya tangazo, na katika ile miezi ambayo ofisi hudhani haina la kusema.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Usianze hatua ya kwanza kama hivi havijakamilika:

- Dokezo lililosainiwa linaloonyesha kiasi cha fedha kilichothibitishwa, na kando yake kiasi ambacho bado ni matarajio.
- Kalenda ya ukurasa mmoja yenye kila tukio, tarehe yake na cheo cha mhusika. Andika cheo badala ya jina, maana watu huhamishwa.
- Jedwali la alama, lenye vigezo na uzito wa kila kimoja.
- Daftari la wadau: kundi, mahali lilipo, lugha wanayoielewa, njia ya kuwafikia, na lini waliwasiliana na ofisi mara ya mwisho.
- Fomu ya tamko la mgongano wa maslahi.
- Violezo vinne vya barua: andiko (yaani pendekezo la utafiti analoleta mwombaji) limepokelewa, andiko limekosa sifa za awali, halikupata ruzuku, limepata.
- Anwani moja ya barua pepe na namba moja ya simu, zote mali ya ofisi.
- Nakala za sheria mbili za nchi yako, ya haki ya kupata taarifa na ya ulinzi wa taarifa binafsi. Tanzania ni za 2016 na 2022. Kenya ni za 2016 na 2019.
- Fungu la ushirikishwaji: nauli, ukumbi, chakula, mkalimani, muda wa redio.

Hilo la mwisho ndilo hukatwa kwanza bajeti ikibana. Likikatwa lote, ruka hatua ya 2 na useme wazi kwenye tangazo kwamba vipaumbele vimewekwa na ofisi. Ni afadhali hivyo kuliko kuandika "baada ya kushauriana na wadau" wakati mdau pekee aliyeulizwa ni mwenzako wa chumba cha pili.

## Hatua ya 1: Tangaza fedha zilizopo, si zilizoahidiwa

Tanzania na Kenya mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, na Hazina hutoa fedha kwa awamu. Bajeti iliyopitishwa na Bunge si fedha iliyoingia kwenye akaunti. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya Kenya ya 2013 inataja asilimia 2 ya pato la taifa kwa ajili ya NRF, lakini kinachofika ni kidogo mno kuliko hicho. Ukitangaza kwa tarakimu ya sheria au ya hotuba utalazimika kupunguza baadaye, na kila utakachopunguza kitahesabiwa kuwa kimeliwa.

Andika sentensi mbili na uzipitishe kwa mhasibu kabla hazijaenda popote. Ya kwanza itaje kiasi kilichothibitishwa. Ya pili iseme hivi: "Fedha zikiongezeka, tutafadhili maandiko yanayofuata kwenye orodha hii hii ya alama, bila mwito mwingine." Usiidharau sentensi hiyo. Fedha za mwisho wa mwaka zinazoingia Mei na kutakiwa kutumika kabla ya Juni kuisha ndizo hugawiwa gizani kuliko zote.

Dalili kwamba umefaulu: mtu akipiga simu mapokezi, kwa mhasibu na kwa mkurugenzi siku moja, anapewa tarakimu ile ile.

## Hatua ya 2: Wafuate wadau kabla ya kuandika vipaumbele

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi hupapitia juu juu. Mkutano wa siku moja hotelini, picha ya pamoja, taarifa kwa vyombo vya habari, basi. Vipaumbele vilikuwa vimeshachapwa.

Chukua mwani. Pwani ya Zanzibar na Tanga kilimo hiki kimeshikwa zaidi na wanawake. Kotonii, ile aina yenye bei nzuri, imekuwa ikifa maji yakipata joto, na wakulima wengi wamebaki na spinosamu, inayovumilia zaidi lakini bei yake ni ya chini. Ofisi ikikaa peke yake itatangaza mwito wa "uchumi wa buluu na mabadiliko ya tabianchi" na kuona imemaliza. Ikienda kuketi na wakulima Paje au Jambiani itasikia mengine: kwamba kuhamishia mwani kwenye maji ya kina kunahitaji boti, kwamba wanawake wengi hawajui kuogelea, kwamba bei anaipanga mnunuzi. Kila moja ya hayo ni swali la utafiti, au ni sababu ya utafiti mzuri kushindwa kutumika.

Fanya hivi:

Orodhesha kwa maswali manne. Nani atayatumia matokeo? Nani ataumia yakitumiwa vibaya? Nani analijua jambo hili kwa kulifanya kila siku? Nani anaweza kulizuia? Ukijibu kwa uaminifu, daftari lako litakuwa na watu ambao hawajawahi kupokea barua yenye nembo ya ofisi yenu.

Panga siku kwa kalenda yao. Wakulima wa mwani huingia shambani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali. Ukiitisha kikao bamvua utapata wajumbe wa kamati na viti vitupu. Nenda maji mafu. Kwa wafugaji uliza msimu wa kuhama, kwa walimu uliza wiki za mitihani.

Tenganisha makundi. Mbele ya sheha na afisa wa wizara, mkulima husema "tunashukuru kwa kutujali." Mpe saa moja na wenzake tu, na mwandishi anayejua kunyamaza.

Andika kwa maneno yao, kisha wasomee kabla hamjaachana. Mtu akisema "mbegu inaoza mikononi," usiandike "changamoto za pembejeo."

Lipa nauli siku hiyo hiyo, kwa kiwango kimoja kilichotajwa mapema. Orodha ya posho yenye viwango vitatu visivyoelezwa inaua imani haraka kuliko hotuba yoyote mbaya.

Ukitaka mfano uliokomaa, tazama James Lind Alliance ya Uingereza, inayofanya kazi hii kwenye afya tangu 2004. Wagonjwa, wanaowauguza na matabibu huketi pamoja mpaka wakubaliane juu ya maswali kumi ya kwanza yanayongoja majibu. Hawaanzi na kile ambacho watafiti wanapenda kukichunguza, na mimi naona hapo ndipo nguvu ya utaratibu wao ilipo.

Tahadhari ni mbili. Usitoe ahadi ya fedha, hata kwa utani wa kuchangamsha kikao. Na watafiti watakaoomba ruzuku hiyo hiyo wakiwa wamo kwenye kikao cha kupanga vipaumbele, andika waliohudhuria kwa taasisi na utoe muhtasari hadharani. Vinginevyo kuna mtu ataonekana amejitungia mtihani akaufanya.

Umefaulu ikiwa ndani ya siku thelathini unaweza kurudi kwa waliohudhuria na karatasi ya namna hii:

*Mlisema:* mbegu ya kotonii inakufa. *Tumefanya:* ni kipaumbele cha kwanza kwenye mwito.
*Mlisema:* hatuna boti za kufika maji ya kina. *Tumefanya:* bajeti ya utafiti inaruhusiwa kukodi chombo na kununua maboya ya kuokolea.
*Mlisema:* bei iko chini. *Hatukuweka:* mfuko hauna mamlaka ya kupanga bei. Tumeiandikia wizara, nakala imeambatanishwa.

Mstari wa tatu ndio watu huusoma kwa makini. Anayeambiwa "hapana" na sababu yake huja tena kwenye kikao kinachofuata.

## Hatua ya 3: Andika tangazo lisiloacha pa kubahatisha

Kurasa mbili zinatosha. Weka kiasi cha fedha, kiwango cha juu kwa kila andiko, nani anaruhusiwa na nani haruhusiwi, kama gharama za uendeshaji za taasisi zinalipwa, tarehe zote hadi siku ya matokeo, na namna ya kulalamika. Tarehe ya matokeo ndiyo maofisa hupenda kuiacha "wazi" ili wasibanwe. Iandike.

Linganisha sentensi mbili. Ya kwanza: "Maandiko yatatathminiwa kwa kuzingatia ubora na umuhimu wake." Ya pili: "Mbinu za utafiti alama 30, umuhimu kwa tatizo lililotajwa 25, uwezo wa timu 15, bajeti 15, mpango wa kurudisha matokeo kwa wananchi 15. Andiko lenye chini ya alama 70 halifadhiliwi hata fedha zikibaki." Ya pili inamwambia mwombaji aweke nguvu wapi, na inakulinda wewe simu ya mkubwa ikipigwa.

Lugha: maandiko ya kisayansi kwetu huandikwa kwa Kiingereza, na sina ugomvi na hilo. Lakini tangazo liwe na Kiswahili kamili. Katiba ya Kenya ya 2010 inavitaja Kiswahili na Kiingereza vyote kuwa lugha rasmi, na Tanzania hakuna haja ya kuhoji. Usimpe mtu atafsiri saa mbili kabla ya kuchapisha. Mpe rasimu mtu asiye wa ofisi yenu, kisha muulize: nani anaruhusiwa kuomba, mwisho lini, na nini kitalinyima andiko sifa? Akikosea hata jibu moja, kosa ni la rasimu.

Muda uwe wiki sita kwa uchache. Andiko la chuo hupita kwa mkuu wa idara, kurugenzi ya utafiti na saini ya juu, na anayefanya kazi Mtwara au Garissa hupata habari nyuma ya aliyeko karibu na makao makuu. Chapisha tovutini, tuma kwenye kurugenzi zote za utafiti na toa redioni siku hiyo hiyo. Redio za jamii kama Pangani FM au Sengerema FM huwafikia watu ambao hawana sababu ya kufungua tovuti yenu.

Tahadhari: ukilazimika kubadili sharti, usibadilishe faili kimyakimya. Andika "Toleo la 2", tarehe, na kilichobadilika, juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Toleo la 1 libaki tovutini. Waombaji huhifadhi nakala, na wataziweka bega kwa bega.

Dalili ya kufaulu utaiona kwenye hatua inayofuata: maswali yatahusu sayansi na bajeti zaidi kuliko "mwisho ni lini?"

## Hatua ya 4: Maswali yote mlango mmoja

Mwombaji aliyesoma na afisa wa mfuko humtumia ujumbe WhatsApp usiku: "Kaka, naruhusiwa kununua gari?" Afisa anajibu kwa nia njema. Kwa jibu hilo mwombaji mmoja amepata taarifa ambayo wengine hawana.

Jibu sahihi ni fupi: "Tuma kwenye anwani ya maswali, jibu litatoka kwa wote Ijumaa." Kila Ijumaa kusanya maswali, ondoa majina, andika majibu, chapisha. Funga maswali siku saba kabla ya dirisha kufungwa, ili jibu la mwisho lisimkute mtu ameshatuma.

Amua mapema pia ofisi itafanya nini mfumo wa kupokelea maandiko ukizidiwa usiku wa mwisho. Utazidiwa. Muda ukiongezwa, uongezwe kwa wote na utangazwe kabla saa ya mwisho haijapita. Nyongeza inayotangazwa asubuhi yake humfaidi aliyechelewa na kumkera aliyekesha.

Umefaulu ukiona waombaji wanajibizana wao kwa wao kwa kunakili majibu yenu.

## Hatua ya 5: Tathmini inayoweza kuelezwa hadharani

Jamii zetu za watafiti ni ndogo. Katika fani kama magonjwa ya mihogo au isimu ya Kibantu, kila mtu ama alimfundisha mwenzake, ama alifundishwa naye, ama wamegombana. Kusema "hatuna mgongano wa maslahi" hakumshawishi yeyote. Onyesha unavyoushughulikia.

Weka kanuni inayopimika: mtathmini hagusi andiko la taasisi yake, la mwanafunzi wake, wala la mtu aliyechapisha naye makala ndani ya miaka mitatu iliyopita. Tamko lisainiwe kabla ya kufungua maandiko, si baada ya kuyasoma. Andiko la mjumbe likifikiwa kwenye kikao, mjumbe atoke nje, na muhtasari uandike saa aliyotoka na saa aliyorudi. Nimeona mihtasari inayosema "mjumbe alitangaza maslahi" bila kusema kama alitoka. Huo ni mlango uliobaki wazi.

Ukikosa watathmini wasiofungamana na mtu, azima kwa jirani. Mpango wa kuimarisha mabaraza ya ruzuku za sayansi Afrika, ulioanza 2015, umeyakutanisha mabaraza ya Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda kwa miaka mingi, na namba za simu zipo. Mtathmini wa Kampala hana mjomba kwenye orodha ya Dodoma, au walau si rahisi.

Majina ya watathmini yatolewe yote kwa pamoja baada ya kazi kuisha, bila kuonyesha nani alisoma andiko lipi. Hivyo umma unajua waliopima, na aliyepima hafuatwi nyumbani.

Alama zikigongana mpakani, kuna njia isiyopendwa lakini safi, nayo ni kura ya bahati nasibu miongoni mwa maandiko yaliyofikia kiwango. Baraza la Utafiti wa Afya la New Zealand limetumia kura kwa sehemu ya ruzuku zake tangu 2013, na British Academy ya Uingereza ilianza kuijaribu 2022 kwa ruzuku zake ndogo. Ukichagua njia hiyo, itaje kwenye tangazo. Kura iliyobuniwa baada ya alama kutoka haina tofauti na upendeleo.

Tahadhari kubwa ni pale bodi inaporuka mpangilio wa alama. Ina haki hiyo, labda kwa sababu ya uwiano wa mikoa au fani. Lakini iandike: andiko la ngapi limerukwa, limechukuliwa la ngapi, kwa sababu gani. Sababu ikiona haya kuandikwa, hiyo si sababu.

Dalili ya kufaulu: mkaguzi asiyemjua mtu yeyote anaweza kufuata andiko moja kutoka masijala hadi uamuzi, kwa karatasi peke yake.

## Hatua ya 6: Usinyamaze wakati mnatathmini

Kama una nguvu za kurekebisha hatua moja tu, rekebisha hii. Kati ya kufungwa dirisha na kutoka matokeo hupita miezi, na hapo ndipo mwito mzuri huharibika. Ofisi inaona haina jipya la kusema. Mwombaji anaona ameshasahauliwa, kisha anasikia kwamba "kuna watu wamepigiwa simu."

Toa taarifa kila baada ya wiki mbili, siku ile ile, hata kama hakuna lililobadilika. Mfano:

"Hali ya mwito kufikia leo: maandiko yote yamehakikiwa sifa za awali. Yaliyokosa sifa yamejulishwa kwa barua pepe, pamoja na sababu. Yaliyobaki yako kwa watathmini. Hakuna mwombaji aliyejulishwa matokeo. Taarifa inayofuata ni wiki mbili kutoka leo."

Sentensi ya nne inazima uvumi mwingi kwa maneno manne.

Mkichelewa, semeni mambo matatu: kilichochelewa, sababu yake halisi, na tarehe mpya. "Kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu" ni maneno ya shirika la ndege. Kama watathmini wawili wamejitoa, sema hivyo. Kama awamu ya fedha haijaingia, sema hivyo pia, baada ya kumwonyesha mkurugenzi rasimu. Atasita. Mweleze kwamba wakuu wa vyuo tayari wanajua, wanachongoja ni kuona kama ofisi itakiri.

Tahadhari: taarifa ya hali isiguse andiko lolote kwa jina wala kudokeza ushindani ukoje. Idadi na hatua, basi.

Utajua imefanya kazi simu za "vipi kuhusu ule mwito?" zikipungua, na zinazoingia zikianza na "nimeona taarifa yenu ya Jumatatu."

## Hatua ya 7: Toa matokeo, ukianza na waliokosa

Utaratibu wa siku ni huu. Asubuhi tuma barua zote, za waliopata na waliokosa, kwa wakati mmoja. Alasiri weka orodha tovutini. Mtu asisome kwenye mtandao wa kijamii kwamba amekosa.

Barua ya kukosa iliyozoeleka husema: "Tunasikitika kukujulisha kuwa andiko lako halikufanikiwa kutokana na ushindani mkubwa." Mwombaji hapati kitu hapo, naye mwakani ataleta andiko lile lile. Andika hivi:

"Andiko lako limepata alama 66, kiwango cha kufadhiliwa kilikuwa 70. Watathmini wamesifu uzoefu wa timu. Wameona udhaifu katika sampuli: umechagua vijiji viwili vilivyo kando ya barabara kuu na hukueleza kwa nini vinawakilisha wilaya. Bajeti ya usafiri haikulingana na siku za kazi ya uwandani. Maoni kamili yameambatanishwa. Unaweza kuomba tena."

Inachukua muda, ndiyo. Wape watathmini fomu inayowalazimisha kuandika sentensi tatu kwa kila kigezo, na barua zitakuwa zimeshajiandika nusu.

Kwenye tovuti weka idadi ya maandiko yaliyopokelewa, yaliyokosa sifa na sababu zake, yaliyofadhiliwa, jumla ya fedha, na mgawanyo kwa taasisi, mkoa au kaunti, fani na jinsia. Kwa kila lililofadhiliwa weka kichwa, taasisi, kiasi, na muhtasari wa Kiswahili ambao dada yako asiye mtafiti angeuelewa. Mgawanyo ukionyesha kwamba taasisi moja imechukua nusu ya fedha, utoe hivyo hivyo na uandike mtakachofanya mwakani. Ukiuficha, kuna mtu atauhesabu mwenyewe.

Tahadhari: usichapishe majina ya waliokosa, na usichapishe namba za vitambulisho, simu au akaunti za yeyote. Faili la kamati lenye safu zote hupandishwa tovutini kwa haraka mara nyingi kuliko tunavyokiri. Tengeneza faili jipya la umma. Usifiche safu kwenye lile la zamani, maana zinafichuka kwa mibofyo miwili.

Dalili ya kufaulu si kukosekana kwa malalamiko. Ni malalamiko yanayotaja ukurasa na kigezo.

## Hatua ya 8: Pokea rufaa na maombi ya taarifa

Tenganisha vitu viwili. Rufaa inahusu utaratibu: alama zilijumlishwa vibaya, mtathmini alikuwa na maslahi, andiko halikusomwa. Haihusu ubishi wa kisayansi na watathmini. Lisemwe hilo kwenye barua ya kukosa, pamoja na siku za kukata rufaa na cheo cha atakayeisikiliza, ambaye hakuwamo kwenye kamati.

Ombi la taarifa lina saa yake ya kisheria. Kenya ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu, Tanzania siku 30. Ziandike kwenye rejista siku ombi linapoingia masijala, kwa kalamu nyekundu kama ni lazima. Sehemu ikizuiliwa, taja kifungu cha sheria kinachoizuia na utoe iliyobaki.

Rufaa ikikubaliwa, tangaza kwamba imekubaliwa na nini kimerekebishwa. Hapo ndipo watu huamini kwamba zile zilizokataliwa nazo zilisomwa.

## Hatua ya 9: Rudi kwa wale ulioanza nao

Wakulima wa hatua ya 2 bado wanangoja. Weka sharti kwenye mkataba: awamu ya mwisho ya ruzuku hailipwi mpaka matokeo yarudishwe kwa jamii husika kwa lugha yao, na ushahidi uwe zaidi ya picha ya mkutano. Uliza karatasi waliyoachiwa, maswali waliyouliza, na majibu waliyopewa.

Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, kituo cha utafiti cha KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) na washirika wake wa Wellcome, mfadhili wa utafiti wa afya wa Uingereza, kimejenga kwa miaka mingi mtandao wa wawakilishi wanaochaguliwa na wanajamii wenyewe. Kazi yao haiishii kuhamasisha. Wanarudisha pia kero na uvumi kwa watafiti. Mfuko wa ruzuku hauhitaji mtandao wake kila kijiji. Unaweza kudai kwamba kila mradi wa uwandani uonyeshe nani anafanya kazi hiyo na analipwaje.

Tovutini weka rejista ya miradi yenye hali ya kila mmoja: unaendelea, umechelewa, umesitishwa, umekamilika. Weka na matokeo ya "haikufanya kazi." Mwani uliokufa hata kwenye nyavu za maji ya kina ni taarifa ya thamani kwa mkulima aliyekuwa anafikiria kukopa anunue nyavu.

Na awamu ya fedha ikichelewa, mjulishe mtafiti na jamii pia. Wanakijiji wakiona timu imetoweka katikati ya msimu hudhani wametumiwa.

## Kabla ya kufunga jalada

Tengeneza faili moja la makabidhiano: kalenda jinsi ilivyokwenda kweli pembeni ya ile iliyopangwa, maswali yote na majibu, rufaa, karatasi ya "mlisema", na daftari la wadau lililosahihishwa. Hakikisha laini ya simu ya mwito imesajiliwa kwa jina la ofisi, na nywila ya barua pepe ya maswali iko kwa watu wawili. Afisa habari akihamishwa Agosti, mwenzake aweze kutoa taarifa ya Jumatatu inayofuata bila kumtafuta.